Kupiga Picha Mapangoni, Malindi na Watamu: Hatua kwa Hatua

Mpiga picha ndiye anayechelewesha kila kundi linaloingia pangoni. Anayepita kutazama humaliza chumba kwa dakika tano. Mwenye kamera hukaa hapohapo saa nzima, huku betri za wenzake zikiisha na, kama pango liko ufukweni, maji yakirudi. Ndiyo maana tunaanza na hesabu ya watu, taa na hewa kabla ya kugusa kamera.

Jua kwanza ni pango la aina gani

Kuanzia Malindi hadi Watamu, pwani ya Kenya, ardhi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huu una matundu kila mahali, una ncha kali, na paa zake hazina nguvu sana. Mapango yake ni ya namna mbili. Yako ya ufukweni, yaliyochimbwa na mawimbi chini ya majabali, na yako ya bara kidogo, upande wa Gede na nyuma ya Watamu, ambako maji ya mvua yameula mwamba kwa chini hadi paa likadondoka sehemu sehemu. Haya ya pili yana vyumba vifupi, mizizi inayoning'inia kutoka juu, na mara nyingi popo.

Namna ya tatu iko kusini zaidi, kwenye vilima vya Kaunti ya Kilifi, katika chokaa ya enzi ya Jurasiki. Huko ndiko liliko Panga ya Saidi, kama kilometa 15 kutoka baharini. Ndani yake yalipatikana mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita; habari hizo zilitangazwa mwaka 2021. Liweke jambo hili akilini kila unapokanyaga sakafu ya pango lolote la huku, kwa sababu vumbi lililo chini ya gambuti lako huenda ni ukurasa ambao bado haujasomwa. Usichimbe ili stendi ikae sawa, na usihamishe jiwe ili picha ipendeze. Kigae au mfupa ukiuona uache ulipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu hivyo, na kikishahamishwa hakiwezi tena kusema kilikuwa tabaka gani.

Anayetafuta kina cha mamia ya mita hatakipata hapa. Pango la Veryovkina, huko Abkhazia, limeshuka zaidi ya mita 2,200. Yetu hushuka mita chache tu. Anayetaka urefu aende vilima vya Chyulu, kwenye Leviathan, njia ya lava iliyopimwa zaidi ya kilometa 11. Lakini mbinu za taa zilizo hapa chini zinafaa kote.

Ruhusa

Mapango mengi yana wenyewe. Mengine ni ya mizimu: utakuta vyungu, chupa za marashi, vitambaa vyeupe au vyekundu, majivu ya ubani. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na pango lililo ndani ya kaya haliingiwi bila wazee. Anza kwa mzee wa kijiji au chifu, umweleze ni picha za nini na zitaenda wapi, kisha uombe mtu wa hapo akuongoze na umlipe. Ukiambiwa uvue viatu, vua. Ukiambiwa sehemu fulani haipigwi picha, funika lenzi kabisa. Kuishusha tu hakutoshi, kwa sababu mwenye pango hawezi kujua kama kamera inarekodi. Ndani ya Msitu wa Arabuko-Sokoke kuna walinzi wa misitu na wa wanyamapori, na magofu kama Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Huko ruhusa huombwa ofisini, mapema.

Watu, taa na saa

Ingieni wanne. Mmoja akivunjika mguu, wa pili anabaki naye, wawili wanatoka kuita msaada. Mkiwa watatu, atakayetoka anatoka peke yake gizani; mkiwa wawili, majeruhi anaachwa.

Mtu wa tano abaki nje, na si lazima awe mlangoni. Mwachieni jina la pango, idadi yenu, saa ya kutoka na saa ya kuita msaada. Kwa mfano: kutoka saa nane mchana, msaada saa kumi. Mkitoka, mpigieni simu kabla ya kunywa hata maji.

Kila mtu awe na taa tatu, na kila moja iweze kumtoa nje peke yake. Ya kwanza iwe tochi ya kichwani, imefungwa kwenye kofia ngumu, yenye mwanga wa lumeni 200 hadi 300. Ya pili iwe kama hiyo, shingoni au mfukoni. Ya tatu inaweza kuwa ndogo. Simu haihesabiwi: itatumika kupiga picha, itaisha chaji, na kioo chake hakisikii kidole chenye matope. Taa za kupigia picha nazo hazihesabiwi. Kosa la kawaida ni kuazima betri za tochi ya kichwani ili flashi ipige mara kumi zaidi. Lifanyeni kuwa sheria: betri za kutokea hazina mkopo.

Gawanyeni muda wa taa mafungu matatu: fungu moja la kuingia na kupiga picha, moja la kutoka, moja la akiba. Tochi ya saa sita inakupa saa mbili za kazi, basi.

Mavazi: gambuti au viatu vya soli nene, suruali ndefu, mikono mirefu, glavu. Malapa yabaki nyumbani. Matumbawe yanapasua ngozi kama msasa. Ndani ya pango lenye popo vaa barakoa ya N95, kwa sababu vumbi la samadi ya popo hubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Barakoa ya kitambaa haiwazuii.

Shimo la kushuka wima ni habari nyingine. Linataka kamba maalumu isiyonyumbuka sana ya milimita 9 hadi 11, mkanda wa kiunoni, vifaa vya kushukia na vya kupandia, na mwalimu aliyekuona ukifanya yote mawili juu ya mti kabla ya shimo. Kamba ya jahazi au ya ng'ombe haifai hata ikionekana nene. Tumbawe hukata kamba inayosugua ukingo ukiwa bado unaning'inia, hivyo kila mahali kamba inapogusa mwamba huwekwa mto wa turubai au kamba hufungwa upya chini ya ukingo. Mwisho wake upigwe fundo, usije ukateleza ukapita. Kama hukufundishwa, piga picha ukiwa juu.

Mlangoni

Simama nje dakika tano. Sikiliza nyuki; hupenda nyufa za milangoni, na kundi lao likiamka huna pa kukimbilia. Mulika chini na kwenye rafu za mwamba kabla ya kuweka mkono, kwa sababu ya nyoka na nge. Nyayo mbichi za fisi au miiba ya nungu ni sababu ya kurudi siku nyingine.

Kisha hewa. Kwenye mashimo yasiyopitisha upepo, yaliyojaa majani yaliyoletwa na mvua yakaoza, kaboni dayoksaidi hulala chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Hewa ya nje ina asilimia 0.04 tu, ikifika kama asilimia 3 pumzi inakwenda mbio bila kazi yoyote, na kichwa kinauma. Shusha kiberiti cha gesi polepole hadi usawa wa goti. Moto ukififia au ukizimika, tokeni, wa chini kwanza. Ukiwaka, usijidanganye kwamba hewa ni salama, maana moto huweza kuwaka mahali ambapo mtu tayari anaumwa kichwa. Dalili za mwili zina neno la mwisho: mmoja akianza kuhema akiwa amesimama, wote wanatoka.

Kamera na mvuke

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza saa ya kwanza. Mapango ya Malindi hayana baridi. Yana joto na unyevu mwingi. Kamera iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi, au iliyokuja ndani ya gari lenye kiyoyozi, huwa baridi kuliko hewa ya pango, na mara tu ukiifungua lenzi inatoka jasho, nje na wakati mwingine ndani. Kufuta hakusaidii: inarudi baada ya nusu dakika, na kitambaa chenye vumbi la matumbawe kinachora kioo. Usiku wa kuamkia safari, ilaze kamera chumba kisicho na kiyoyozi. Ukifika pangoni, iache ndani ya mfuko uliofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la mahali, huku mkichagua pembe.

Chombo kizuri cha kubebea ni ndoo ya rangi ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana, iliyooshwa, ikawekwa taulo ndani na vifuko vinne au vitano vya silika, chembe zinazonyonya unyevu. Haipasuki ikigonga mwamba, inaelea, na ukifika unaikalia. Mchele hauchukui nafasi ya silika, tena una vumbi la wanga linaloingia kwenye vitufe. Lenzi usiibadilishe ndani. Chagua moja ya pembe pana na uende nayo hiyohiyo.

Mpangilio wa kuanzia: kila kitu kwa mkono, faili za RAW (picha ghafi), f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), rangi ya mwanga ifungwe kwenye jua la mchana ikiwa unatumia flashi. Ukiiacha kamera ijichagulie rangi, kila picha itatoka tofauti, na kuzioanisha baadaye ni adhabu.

Kupiga

Weka stendi juu ya mwamba, miguu imefunguliwa kwa upana, nguzo ya kati imeshushwa. Juu ya samadi ya popo stendi huzama taratibu wakati shata, pazia la kamera, iko wazi, na picha inatoka na kivuli maradufu ambacho utadhani ni kosa la lenzi. Pasipo na mwamba, tia kipande cha mbao chini ya kila mguu.

Msaidizi asimame mahali unapotaka kulenga, ajimulike kifuani. Lenga, kisha zima ulengaji wa kujiendesha na ubandike gundi ya karatasi juu ya pete ya lenzi. Bila hivyo kamera itatafuta gizani na kukosa.

Pima fremu haraka: ISO 3200, sekunde 2, tochi moja ikizungushwa. Picha itakuwa na chenga lakini itakuonyesha kilichomo. Ikiridhisha, rudi ISO 400 na uzidishe muda mara nane: sekunde 2 zinakuwa 16. Kanuni hii inaokoa betri kuliko kifaa chochote cha dukani.

Sasa maneno ya kazi, ambayo kila mtu ayajue kabla: Zima. Fungua. Piga. Funga. Washa. Kati ya Zima na Washa hakuna anayenyanyua mguu. Mpiga picha ndiye peke yake anayetamka, na akisema Zima kila tochi inazimwa, pamoja na taa ya saa ya mkononi. Shata ikiwa wazi kwenye giza kamili hakuna kinachoandikwa hadi taa iwake, hivyo unaweza kupiga flashi moja mara tatu kutoka sehemu tatu, ikaonekana ulikuwa na flashi tatu. Anayebadilisha sehemu katikati ya picha lazima awe ameipima njia yake taa zikiwaka, iwe hatua moja au mbili tu kwenye tambarare. Kama si hivyo, wekeni watu watatu.

Flashi isikae juu ya kamera. Ikikaa pale, kila chembe ya vumbi na kila tone la mvuke mbele ya lenzi linang'aa jeupe, na ukuta unatoka bapa kama chapati. Itoe, umpe msaidizi aliyejificha nyuma ya mwamba, amulike kwa ubavu. Mwanga wa ubavu ndio unaoonyesha tumbawe lilivyo: mirija, nyufa, alama za makombe. Mwanga wa nyuma, flashi ikiwa nyuma ya mtu na kuelekezwa ukutani, unamfanya mtu awe kivuli na kuonyesha ukubwa wa chumba. Wa mbele utumie kidogo tu, kujaza.

Nguvu ya flashi hupigiwa hesabu. Flashi yenye namba 40 (namba ya nguvu iliyo kwenye maelezo yake), ikipigwa kwa nguvu zote kwenye f/8 na ISO 100, inafika mita 5, yaani 40 ukigawa kwa 8. ISO 400 inafikisha mita 10, ISO 1600 mita 20. Namba hizo ni za ukuta wa rangi ya kawaida. Mahali palipojaa samadi nyeusi mwanga unamezwa. Piga mara mbili au mara nne zaidi. Rimoti za redio hukatika zikizungukwa na kona ya mwamba, kwa hiyo msaidizi apige kwa kidole anaposikia Piga.

Bila flashi, paka mwanga kwa tochi. Izungushe bila kusimama mahali pamoja, kiganja kikizuia mwanga usirudi kwenye lenzi, sekunde 10 hadi 20. Tumia tochi moja kwa picha nzima. Ukichanganya yenye mwanga wa buluu na yenye mwanga wa njano, ukuta mmoja utaonekana umepakwa rangi mbili.

Mtu kwenye picha avae njano au nyekundu. Fulana nyeupe huungua, nyeusi hupotea. Kama amepanda na bado anatoka jasho, ngoja dakika kumi: mvuke wa mwili wake ukipigwa mwanga wa nyuma hutoka kama moshi. Avute pumzi na kuishikilia kabla ya Piga.

Picha ikaguliwe kwa grafu ya mwanga inayoonyeshwa na kamera, si kwa macho. Macho yaliyozoea giza huona kioo cha kamera king'avu mno, unaridhika, halafu nyumbani unakuta picha nyeusi. Ni kosa linalowapata hata waliozoea.

Kwa simu: tumia hali ya kitaalamu, ISO 100 hadi 400, sekunde 10 hadi 30, stendi ndogo, kipima muda cha sekunde 5 ili kidole kisitikise. Hali ya usiku inayojiendesha huunganisha picha nyingi, na mtu akisogea kidogo uso unaharibika.

Nuru ya paa

Pango lililodondoka paa linakupa taa ya bure. Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu yake mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba. Siku hizo mchirizi wa mwanga hushuka wima hadi sakafuni. Machi ni karibu saa sita na nusu mchana, Oktoba karibu saa sita na dakika kumi. Machi ndiyo bora, kwa kuwa ni mwisho wa kaskazi na masika bado. Tofauti kati ya mwanga na kivuli ni kubwa mno kwa picha moja. Piga tano bila kugusa stendi, kila moja ikipata mwanga mara nne ya iliyotangulia, uziunganishe baadaye. Usirushe samadi hewani ili mchirizi uonekane. Wapo wanaofanya hivyo, na wanaivuta yote mapafuni.

Popo

Usipige flashi kwenye kundi lililolala. Wakishtuka wanaruka, wanachoma nguvu walizoweka, na watoto wanaanguka. Ukiona mama wenye watoto, toka. Vinginevyo tumia mwanga mwekundu hafifu, sauti ya chini, dakika kumi, usisimame chini yao. Picha nzuri zaidi za popo hupigwa nje magharibi, ukiwa pembeni mwa mlango na si katikati ya njia yao.

Usimshike popo hata aliyekufa. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Popo wa mapangoni wanaokula matunda hubeba pia virusi vya Marburg; wagonjwa wawili wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wote wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon.

Mapango ya ufukweni

Hapa anayeamua ni maji. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na moja au mbili zinazofuata, hupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakipwa sana unapata nafasi ya kufanya kazi mchana, lakini yakirudi yanarudi kwa kasi. Tazama jedwali la maji, ingia saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, na toka nusu saa baada yake, hata kama picha moja imebaki. Wakati wa kusi mawimbi huingia ndani hata maji yakiwa yamepwa, ngoja kaskazi. Ukutani tafuta mstari wa kombe hai: chini ya mstari huo hakuna mahali pa kuweka ndoo.

Ukitoka

Ondoa alama ya mahali (GPS) kwenye picha kabla ya kuzituma, hasa za pango la mizimu au la popo. Futa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ili chumvi itoke, kisha kwa kikavu. Kamba na glavu osha kwa maji matamu, anika kivulini. Nguo za ndani ya pango zivuliwe nje ya nyumba, zichemshwe au ziloweke maji ya moto, na mwili ukaguliwe: papasi hukaa kwenye vumbi na nyufa za mapangoni, huuma bila kuumiza, na huleta homa inayokuja na kuondoka. Homa au kikohozi kikikupata ndani ya wiki tatu, mwambie daktari umeingia pango lenye popo, na umwambie hata asipouliza, kwa sababu pwani hii kipimo cha kwanza huwa cha malaria.